Miti Iliyokuja na Samadi

Mimi ndiye niliyemwambia Talato asiikate ile miti, na mimi ndiye niliyemwambia aikate. Nalisema mapema ili msomaji asije akanihurumia njiani. Nilikuwa bwana shamba wa Tanzugu, huku Yatenga, kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda huo niliandika taarifa nyingi kuliko matuta niliyolima. Humo ndani Talato Ganame anatajwa kila mwaka kuwa mkulima wa mfano. Yaliyomkuta hayamo.

Mume wake alikufa mwaka ule wa njaa ambao ng'ombe wa Wafulani walikula mpaka nyasi za mapaa yetu. Eda ilipokwisha, wazee wa ukoo wakamwambia kama wanavyomwambia kila mjane hapa, kwamba sasa yeye ni wa mdogo wa marehemu. Mdogo mwenyewe ni Idrisa, mtu mpole, mwenye wake wawili na kikohozi kisichoisha. Talato akakataa. Hakutukana wala hakulia. Alisema amekwisha kumpikia mwanamume mmoja ugali kwa miaka kumi na minane na hana hamu ya kuanza na wa pili.

"Shemeji, wewe huna kosa," alimwambia Idrisa mbele ya wote. "Ila kuanzia leo nitakula nilicholima mwenyewe."

Ukoo haukumfukuza. Walimwachia kibanda chake na mbuzi wanne. Lakini mashamba ni ya ukoo na ghala ni la mwanamume. Mwanamke wa huku hachungulii ghala. Anangoja mwenye ghala apande ngazi, achote, amteremshie. Aliyekataa mume amekataa na ghala. Watu walimpa mwaka mmoja, kisha njaa imrudishe kwa Idrisa akiwa ameinamisha kichwa.

Akaenda kwa mzee Tiraogo Porgo, ambaye ukoo wake ndio wenye ardhi yote ya upande wa kaskazini, akaomba mahali pa kulima. Tiraogo akampa upara. Ndivyo tulivyoiita sehemu ile, na jina liliistahili: ardhi nyeupe, ngumu kama sakafu ya nyumba, mvua ikinyesha maji yanateleza juu yake yanaondoka zake. Mzee alimwambia achukue tu, hapo hata mchwa amehama. Masharti hayakutajwa kwa sababu hakuna mtu mzima asiyeyajua. Aliyeazimwa ardhi hupeleka kapu la masuke na kuku mmoja kila baada ya mavuno. Hiyo si kodi, ni njia ya kukumbushana nani kamwazima nani. Na aliyeazimwa hapandi mti. Mtama huvunwa ukaisha, lakini anayepanda mti amesema kwamba wajukuu zake watakaa hapo.

Mimi nilifika mwaka mmoja baadaye, na pikipiki ya mradi na suruali iliyopigwa pasi. Mimi ni Msamo, na Wasamo na Wamosi wa Yatenga ni watani tangu enzi za mababu. Sisi tunawaita watumwa wetu, wao wanatuita walaji wa vichwa vya mbwa, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Siku ya kwanza nilimkuta Talato ameinama katikati ya ule upara anachimba peke yake, jua la saa saba, na upepo wa vumbi unamchapa usoni. Nikamuuliza nani amemruhusu mtumwa wangu kushika jembe bila kuniuliza.

Akainuka, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Kumbe serikali imeishiwa watu kabisa," akasema. "Imetuletea Msamo. Ficheni mbwa."

Hapo tukawa marafiki. Nikamwonyesha mashimo yanavyochimbwa, ingawa kusema kweli bibi yake alikuwa akiyachimba kabla sijazaliwa, na mradi ulikuja kuongeza vipimo tu. Shimo upana wa bakuli la ugali, kina shibiri moja, viganja viwili vya samadi ndani, kisha unaendelea na jingine. Unaanza mavuno yakiisha na unaacha mvua ya kwanza ikidondoka. Samadi aliikusanya zizini kwa mbuzi wake na kambini kwa Wafulani, akaibeba kichwani kwa beseni. Mchwa walisikia harufu wakarudi, wakatoboa ile sakafu kutoka chini, na maji yakapata mlango. Mawe ya kuzuia mmomonyoko tuliyapanga pamoja. Yeye alishika ncha moja ya mpira wa maji na mimi nyingine, tunatafuta usawa, na muda wote ananiuliza kama kwetu usawa tunapimia mkia wa mbwa.

Mwaka wa kwanza alivuna makapu matatu. Mwaka wa tano alijenga ghala lake mwenyewe, udongo juu, mawe chini, akaezeka, akaegesha ngazi, akapanda mchana watu wote wakimtazama. Wanawake walitoka majumbani kwao. Mke mdogo wa Idrisa, nilisikia, aliziba mdomo kwa kitambaa asionekane anacheka. Mwanamke mwenye ghala lake, na ndani yake mtama wa kumfikisha mavuno hadi mavuno na akiba juu. Nilijisikia kama nimelijenga mimi. Huo ndio ugonjwa wa mabwana shamba.

Miti ilianza mwaka wa tatu. Mbuzi wanakula matunda na maganda porini, mbegu zinatoka na samadi, samadi inaingia shimoni, shimo linapata maji. Miche ikachomoza katikati ya mtama: migunga, mikwaju, na shea, ule mti wa mafuta, zaidi ya yote shea. Talato aliniita.

"Bwana shamba, hivi vinaota. Niving'oe?"

"Viache. Vinashika udongo."

"Mti ni neno la mwenye ardhi."

"Kwani wewe umepanda?"

"Mimi? Kapanda mbuzi."

"Basi akija kulalamika mwambie akamshtaki mbuzi."

Alicheka mpaka akaketi chini kwenye mawe. Na mimi nikacheka, nikapanda pikipiki nikaondoka. Jambo zito kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika kazi yangu nililijibu kwa utani. Ningekwenda siku ileile kwa Tiraogo na kuku mmoja, nikasema mbele ya wazee watatu kwamba miche imejiotea, kwamba ni yake, kwamba mjane anaitunza tu kwa niaba yake, shauri lingekwisha hapo na mashahidi wangekuwepo. Kuku mmoja! Kila Mmosi analijua hilo, na kila Msamo pia. Sikwenda kwa sababu niliona mambo yanakwenda vizuri.

Yakaenda vizuri miaka kumi na miwili zaidi. Tiraogo alipita pale mara nyingi, akaiona miti, akanyamaza. Alipokea kapu lake na kuku wake, na safari moja nilimkuta amelala chini ya mgunga kofia usoni. Nilidhani kunyamaza kwake ni kukubali. Huenda kulikuwa kukubali kweli, lakini mzee alikula chumvi akachoka akafa, na kunyamaza kwake akaenda nako. Mradi ukawa unaleta wageni. Walipiga picha mtama, wakapiga picha shea uliokuwa umeanza kuzaa, wakampiga picha Talato ameshika jembe ambalo walimwomba alishike juu zaidi. Sote tuliusifia upara ule kwa sauti kubwa mno.

Mwaka uliofuata Sayuba alirudi kutoka Kodivaa. Ni mtoto mkubwa wa Tiraogo, aliyeondoka kijana akaenda kulima kakao. Vita ilipopamba moto kule, wenyeji waliomwazima msitu walimwambia muda wa wageni umekwisha. Alishuka kwenye lori na mke, watoto saba na godoro moja. Mimi sikumpenda, lakini sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikwenda kutazama ardhi ya baba yake, na mahali alipopaacha upara akakuta mtama umemzidi kimo na miti imesimama kama mali ya mtu.

Niliyasikia sokoni, kwenye kibanda cha pombe ya mtama, kwamba mjane amepanda miti kwenye ardhi ya akina Porgo na wazee wao wamemwita baada ya siku tatu. Niliacha kibuyu changu nusu nikaenda moja kwa moja kwa Talato. Mavuno yalikuwa yameshaingia, shamba limebaki mabua tu, na ile miti ikaonekana mingi kuliko nilivyoikumbuka. Tulihesabu arobaini na mitatu.

Nikamwambia akate. Niliona nina akili nyingi sana siku ile. Kesi yao ni miti, nikamwambia. Miti ikiondoka, kesi inaondoka. Utakwenda kusema sikukusudia kudai ardhi ya mtu, tazameni, hakuna hata mche.

"Na shea?" aliuliza.

"Yote."

"Msamo, una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu ikavaa nguo za hakika. Nikasema nina hakika. Alinitazama kidogo, akaenda kuchukua shoka. Nafikiri aliniamini kwa sababu kwa miaka kumi na mitano kila nililomwambia lilikuwa limempa chakula.

Alikata siku mbili. Mimi nilikata mitatu mikono ikatoka malengelenge, naye akanicheka kwa sauti ndogo, akaniambia nikae kivulini, kisha akakumbuka kivuli hakipo. Kuni zote alizipanga ukingoni mwa shamba, kwa mafungu, nyembamba na nene. Hakuchukua hata kijiti nyumbani, ili aonekane hana tamaa.

Baraza lilikaa uani kwa akina Porgo. Talato aliketi chini kwenye mkeka, miguu ameikunja upande. Idrisa alikuja pia, amekaa nyuma anakohoa. Aliyeongoza ni mzee Kwilga, mdogo wake marehemu Tiraogo, mtu wa maneno machache, aliyezungumza na Talato kwa upole ambao mwanzoni ulinipa moyo.

"Mama, ile miti aliipanda nani?"

"Hakuna aliyeipanda, baba. Ilikuja na samadi."

"Hukupanda hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Tunakusadiki. Kwa hiyo ilikuwa miti ya ardhi."

"Ndiyo, baba."

"Na ardhi ile ni ya nani?"

Hapo nilielewa. Nilielewa yote kwa mara moja. Talato naye alielewa, maana alikawia kujibu. "Ni ya akina Porgo," akasema.

"Sasa nieleze, mama. Nani alikuruhusu kukata shea wa akina Porgo?"

Aliyeazimwa ardhi hapandi mti, na mti uliojiotea haukati. Shea hasa: shea haukatwi na mtu yeyote bila neno la mwenye ardhi, kwa sababu mafuta ya wanawake wote wa ukoo yako humo. Mtoto wa miaka kumi wa hapa anajua. Mimi nilijua! Nilikuwa nimelisema mimi mwenyewe kwenye mikutano, kwenye vijiji sita, kipaza sauti mkononi. Angeiacha miti isimame, angejibu kwamba ilijiotea, na wasingekuwa na la kumfanya ila kumshukuru. Kwa kuikata alikuwa ameharibu mali yao, na kuni zilipangwa pale ukingoni kwa mafungu, ushahidi uliopangwa vizuri kuliko wowote niliopata kuuona.

Talato alinigeukia. Hakunitaja. Alinitazama tu, akarudisha macho kwenye mkeka, akanyamaza, na kwa kunyamaza huko akajitwika kosa langu.

Nikasimama mwenyewe. Nilikuwa bado na silaha moja, ambayo haijawahi kushindwa hapa. Mtani akiomba msamaha kwa niaba ya mtu, hanyimwi. Nimeona mtani akisimama mbele ya watu wenye marungu, akawatukana mpaka wakacheka, ugomvi ukaisha. Nikavua kofia, nikapiga magoti. Nikasema mwizi wa miti ni mimi, Msamo, nilidhani chini ya kila mti kuna mbwa amefukiwa, nifungeni kamba mkaniuze sokoni, ingawa nani atanunua mzigo wa mifupa kama huu. Nilisema mengine pia, ya kipuuzi zaidi.

Hakuna aliyecheka. Mzee Kwilga alitazama pembeni, nadhani aliona aibu kwa ajili yangu.

"Mtani, kaa," alisema Sayuba. "Siku nyingine tutacheka."

Kisha akasema yake, wala hakupaza sauti. Alisema amelima kakao ya watu miaka kumi na saba. Aliifyekea msitu, aliipanda mche kwa mche, na siku waliyoitaka walimwambia kwenu siko huku. Nimekubali, akasema. Nimerudi kwetu. Sasa kwetu nikaambiwe na nani tena kwamba pana mwenyewe? Alimgeukia Talato, na nakiri sauti yake ilikuwa ya heshima.

"Mama, sikukatazi kulima. Ng'ambo ya korongo kuna upara mwingine wa baba. Wewe mkono wako unaponya ardhi, kila mtu anajua. Chukua ule."

"Mwanangu," Talato akajibu, "huu niliuponya nikiwa na mgongo."

Baraza likaisha, shamba likabaki kwa Sayuba. Hawakumtoza faini, na walihesabu huo kuwa wema. Watu wakaanza kuulizana habari za mifugo.

Kwa muda nilizunguka na pikipiki nikitafuta wa kumlaumu. Nilikwenda ofisini mjini, nikaambiwa mambo ya mila hayamo katika kazi ya mradi. Nilikwenda kwa mzee Kwilga peke yangu, akanikaribisha, akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama kwetu Wasamo aliyeazimwa hukata shea. Nikasema hakati. Basi, akasema.

Talato alijaribu. Hilo watu wa Tanzugu hawalijui, mimi nalijua kwa sababu nilikwenda kuona. Ng'ambo ya korongo, kwenye ule upara mpya, nilikuta mashimo kumi na moja. Kumi ya kina cha shibiri moja, kama inavyotakiwa. La kumi na moja lilikuwa limekwanguliwa juujuu tu, na jembe limelazwa pembeni yake. Yeye hakuwepo. Nilisubiri mpaka jua likapungua, kisha nikalibeba jembe nikampelekea nyumbani. Alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, mchana, mtu ambaye sikuwahi kumwona amelala mchana. Alinishukuru kwa jembe, akaniomba niliweke popote.

Mvua zilipoanza, Sayuba alipanda mtama kwenye mashimo ya Talato, ukaota vizuri. Mashimo hayachagui mtu. Vishina vya shea vingine vilichipua, navyo akavizungushia miiba, akavitunza. Akiba ya ghala la Talato ilimfikisha mwezi wa saba, kisha ikaisha. Siku gani alikwenda kwa Idrisa, na alisema nini, sijui. Nilikuwa nimeanza kuikwepa njia ile, na hilo nalo naliandika hapa. Nilisikia tu kwamba alipokelewa bila maneno. Idrisa ni mpole, nimeshasema.

Nilikwenda kumwona nilipostaafu, kumuaga. Nilimkuta uani kwa Idrisa, nyuma ya jiko, amekaa pamoja na wake wawili anachambua majani ya mbuyu ya mchuzi. Amekonda. Nilimwambia mtumwa wangu, naona umepata kazi nyepesi, na akatabasamu kwa adabu kama watu wanavyomtabasamia mgeni. Alinipa kigoda. Tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Kisha akainuka kwa shida, akaingia jikoni, akatoka na kibuyu cha maji, akapiga goti kunipa.

Huku mgeni hapewi maji matupu. Hata nyumba ya mwisho kabisa humtilia mgeni unga kidogo kwenye maji, ndipo uulizwe kilichokuleta. Nilitazama ndani ya kibuyu, naye akaona nimetazama.

"Unisamehe, bwana shamba," alisema, taratibu, wale wake wawili wasisikie. "Unga si wangu. Ungekuwa wangu ningekutilia."

Nikanywa maji yale yote, nikamrudishia kibuyu.